Si Kila Anayelalamika ni Sanbalati

SOMO LA WIKI KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI
Maandiko ya kusoma: Nehemia 4:1–9, Nehemia 5:1–13, 1 Wafalme 21:1–19, Mathayo 5:14–16 na 23–24, Kumbukumbu la Torati 22:8



Wiki hii niliombwa niandike juu ya ujenzi. Ndugu zetu wa Bungoma wameshapata ploti na wanakaribia kuchimba msingi, kwa hivyo walitaka sisi wa Tuwan tuwaeleze tulivyopanua kanisa letu: michango ilipangwa vipi, mabati yalitoka wapi, fundi alilipwa namna gani. Hayo ni mambo mazuri na tutayaandika. Lakini kuna jambo ambalo haliko kwenye picha za siku ya kuweka jengo wakfu, na ndilo nataka tujifunze leo. Tulipopanua kanisa tuliwaumiza majirani. Walipotuambia tumewaumiza, tuliomba kinyume chao. Na aliyeshika maikrofoni siku hiyo ni mimi.

Nimetangulia kusema hivyo ili mtu asidhani ninafundisha juu ya makosa ya watu wengine.

ILIVYOKUWA

Wanaoijua Tuwan wanajua tunavyoishi hapa Kitale. Ploti ni ndogo, nyumba za kupanga zimepakana ukuta kwa ukuta, na ukikohoa usiku jirani anakupa pole asubuhi. Kanisa lilipojaa mpaka watu wakawa wanasikiliza neno wakiwa wamesimama nje kwenye jua, tulinunua ploti ya nyuma. Tukapanua jengo, na sehemu iliyobaki tukaifanya pakingi.

Kwenye mpaka wa upande wa mashariki kulikuwa na safu ya miti mikubwa. Tuliikata yote kwa siku mbili. Mahali pake tukapanda nyasi na maua ya kununua kwenye kitalu, yale yanayopendeza mtu akipiga picha. Pakingi tukaitandika kabro kutoka ukuta hadi ukuta. Halafu, kwa sababu wakati wa kesha moja mshiriki wetu aliibiwa betri ya gari na mwingine akang'olewa vioo vya pembeni, tulisimamisha nguzo nne ndefu, na juu ya kila nguzo tukaweka taa kubwa nyeupe. Ziliwaka tangu jua likizama mpaka kukipambazuka. Usiku wa kwanza tulizishangilia. Ndugu mmoja alisema, "Sasa Tuwan yote itajua Mungu yuko hapa." Tukaitikia amina.

Mvua za Aprili zilipoanza, kumbikumbi walijaa chini ya zile taa. Watoto wa mtaa waliruka ukuta usiku na sufuria zao kuwaokota, mlinzi akawafukuza. Hatukufikiri zaidi ya hapo.

Mwezi wa Agosti mzee wa mtaa alituletea barua. Ilikuwa kurasa mbili, imeandikwa kwa mkono, na familia tisa zilikuwa zimeweka sahihi au kidole gumba. Haikuwa na tusi hata moja. Walisema mambo manne. Kwanza, taa zinaingia vyumbani na watoto hawalali. Pili, miti tuliyoikata ndiyo iliyokuwa ikiwakinga upepo na vumbi, na pia macho ya watu, kwa maana sasa mtu akishuka garini kwenye pakingi yetu anatazamana na bafu zao za nje. Tatu, maji ya mvua yanateremka kutoka kwenye kabro na kuingia kwenye nyua zao, na nyumba mbili zilishaingia maji hadi kitandani. Nne, mahindi ya mama mmoja, zile safu mbili zilizo karibu na ukuta wetu, yalibaki kijani bila kutoa mbelewele wakati wenzake yote yameshatoa.

Hawakuomba tufunge kanisa. Waliomba taa zigeuzwe, maji yachimbiwe mtaro, na tupande miti mingine.

Tuliisoma barua hiyo kwenye kamati ya ujenzi. Tulipofika kwenye yale mahindi tulicheka. Ati taa ya kanisa inazuia mahindi! Mzee mmoja akasema, "Hawa ni akina Sanbalati na Tobia. Kila anayejenga hekalu lazima awapate." Nikakubali. Ijumaa hiyo kwenye kesha nilifungua Nehemia sura ya 4, nikahubiri kwa moto, na mwisho nikaliongoza kanisa kuomba kwamba kila anayeipinga kazi ya Mungu aondolewe njiani na kila mdomo unaoinuka ufungwe. Tuliomba karibu saa nzima. Spika zilikuwa nje.

Wiki iliyofuata, mtoto mmoja wa shule ya Jumapili aliniambia kukhu wake ni mgonjwa, niende nimwombee. Nilienda jioni, kama saa mbili hivi, bila kujua ni nyumba gani. Kumbe ni ile ya pili kutoka kwenye ukuta wetu. Dirishani alikuwa ametundika blanketi, na juu ya blanketi gunia. Hata hivyo mwanga uliingia kupitia mashimo ya misumari kwenye mabati na katika upenyo chini ya mlango. Stima ilikuwa imeisha tokeni. Niliweza kusoma Biblia kando ya kitanda chake bila taa yoyote isipokuwa ile yetu.

Aliniambia hivi: "Pasta, mwanangu, mimi sijui kuandika, kwa hiyo kwenye ile barua niliweka kidole. Halafu Ijumaa nikawasikia mkiomba mdomo wangu ufungwe. Nikamuuliza huyu mtoto, hawa ndio wale wanaokufundisha?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha, na yale maombi niliyokuwa nimekuja kuomba yakanishinda. Yeye ndiye aliyesema, "Basi tuombe."

Usiku huo nilirudi nikafungua Nehemia tena. Safari hii sikuishia sura ya 4.

1. NEHEMIA ANA SURA YA 5

Sisi tunaojenga tunaipenda sana sura ya 4. Sanbalati anakasirika, Tobia anadhihaki kwamba hata mbweha akipanda atauangusha ule ukuta, nao wajenzi wanaendelea, mkono mmoja kazini na mwingine umeshika silaha. Ni sura ya kutia moyo, na adui wa kazi ya Mungu wapo kweli.

Lakini geuza ukurasa. Katika sura ya 5 kuna kelele nyingine, na mara hii haitoki kwa adui. Watu wa kawaida na wake zao wanalia kwa sababu ya mambo yanayofanywa na ndugu zao wenyewe. Wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine wamekopa ili kulipa kodi ya mfalme, na wana wao na binti zao wanatiwa utumwani. Haya yote yanatokea wakati ule ule ukuta unapojengwa.

Nehemia angeweza kusema, "Huyu ni Sanbalati amekuja kwa mlango mwingine." Alikuwa na kila sababu ya kushuku. Badala yake alisikiliza, akakasirika kwa ajili yao, akatafakari moyoni kabla ya kunena, kisha akawaita wakuu kwenye mkutano na kuwaambia warudishe mashamba, mizabibu na nyumba. Mstari wa 9 unaonyesha jambo lililomsumbua zaidi: mwenendo wao ulikuwa unawapa mataifa jirani nafasi ya kuwashutumu. Aliyejua kushika upanga mbele ya Sanbalati alijua pia kuuweka chini mbele ya mama anayelia.

Basi tutatofautishaje? Nimejifunza kuuliza maswali mawili. La kwanza: anayelalamika anataka kazi ikome, au anataka aache kuumia? Sanbalati alitaka ukuta usiwepo. Majirani wetu walitaka usingizi. La pili: kile anachokisema ni kweli? Hilo halihitaji ufunuo. Linahitaji uvae viatu, uende ukaangalie. Kutoka madhabahuni hadi nyumba ya kukhu ni mwendo wa dakika mbili, nami nilichukua wiki tatu kufika, tena kwa kuitwa.

Mtu atasema, "Lakini wale wa Nehemia walikuwa ndugu, hawa wa kwetu wengi hawajaokoka." Ndugu yangu, yule mwanasheria wa Luka 10 naye aliuliza jirani yake ni nani, na Bwana akamjibu kwa habari za Msamaria.

2. MFUNGO WA YEZEBELI

Watu husema mfalme Ahabu aliua kwa ajili ya shamba la mizabibu. Soma vizuri 1 Wafalme 21. Ahabu hakuhitaji mizabibu. Alilitaka shamba la Nabothi kwa sababu lilikuwa karibu na jumba lake, na alitaka kulifanya bustani ya mboga. Ni habari ya mtu mkubwa anayependezesha kiwanja chake, na jirani mdogo aliye njiani.

Ahabu mwenyewe alianza kwa adabu. Alimpa Nabothi nafasi ya kuchagua shamba jingine zuri zaidi, au fedha. Nabothi alikataa kwa sababu ulikuwa urithi wa baba zake, na Ahabu akaenda kujilaza kitandani na kugeuza uso wake kama mtoto aliyenyimwa. Hapo ndipo Yezebeli alipoingia. Na sasa tazama silaha aliyoitumia: alitangaza mfungo. Alikusanya watu kama kwa ibada, akamweka Nabothi mbele, na mashahidi wa uongo wakasema amemtukana Mungu na mfalme. Mgogoro wa mpaka ukageuzwa kuwa kosa la kidini, na Nabothi akapigwa mawe.

Nilipofika hapo nilifunga Biblia. Si ndilo tulilofanya? Watu walileta suala la taa na mtaro, sisi tukalifanya suala la Mungu na shetani. Hatukumpiga mtu mawe. Lakini mwanamke mzee alilala akisikia kanisa zima linamwomba Mungu amwondoe, akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, bila mahali pa kujibu.

Wapendwa, maombi ya vita yapo na tutaendelea kuyaomba. Lakini Waefeso 6:12 inatuambia wazi kwamba vita vyetu si vya damu na nyama. Kukhu ana damu na nyama, na siku ile alikuwa na malaria.

3. TAA ILIYOWEKWA MAHALI PAKE

Andiko letu la kuzitetea zile taa lilikuwa Mathayo 5: ninyi ni nuru ya ulimwengu, mji ulio juu ya mlima hausitiriki. Hebu turudi tusome mistari yote. Bwana anazungumzia taa inayowekwa juu ya kinara chake ili iwaangazie waliomo nyumbani. Kisha anaeleza ile nuru ni nini: ni matendo mema, ambayo watu wakiyaona watamtukuza Baba. Watu wa upande wa mashariki walikuwa wanaiona nuru yetu kila usiku, na hakuna aliyemtukuza Baba kwa ajili yake.

Tena kuna elimu ya kawaida ambayo tungeiuliza mapema. Mwili wa binadamu hutengeneza homoni ya usingizi, melatonini, wakati wa giza, na mwanga mkali huipunguza, hasa ule mweupe wenye ubluu kama wa taa nyingi za LED za bei nafuu. Rangi ya taa hupimwa kwa kelvini na huandikwa kwenye boksi. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo mwanga unavyozidi kuwa mweupe na kuelekea ubluu. Shirika la DarkSky International, lililoanza Marekani mwaka 1988 kwa ajili ya kulinda giza la usiku, linashauri taa za nje zisizidi kelvini 3000, zielekezwe chini, ziwe na nguvu ya kutosha tu, na ziwake zinapohitajika. Sisi tulinunua za 6500, tukazielekeza mbele kama za uwanja wa mpira, na kuziacha ziwake usiku kucha.

Na yale mahindi tuliyoyacheka? Nilimuuliza mtu wa kilimo. Aliniambia kuna mimea inayohesabu urefu wa usiku ili ijue wakati wa kutoa maua. Soya ni mojawapo, na mahindi ya nchi za joto ni mengine. Taa ikiufupisha usiku, mmea unachelewa. Kwa hivyo yule mama alikuwa anasema kweli, nasi, watu wa Trans Nzoia tuliolelewa na mahindi, tulicheka.

Hata suala la usalama tulilifikiria nusu. Taa inayokupiga machoni haikusaidii kuona. Unabaki kuona taa tu, na kando yake kunakuwa na giza nene zaidi ambamo mwizi anaweza kusimama. Taa inayomulika chini inaonyesha mtu na miguu yake.

4. UKINGO WA DARI

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu aliwaagiza wanaojenga nyumba mpya waweke ukingo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba. Dari za wakati ule zilikuwa bapa na watu walizitumia. Ona kwamba ukingo haumfaidi sana mwenye nyumba, kwa sababu yeye anajua mwisho wa dari yake uko wapi. Unamfaidi mgeni. Mungu aliiweka gharama ya usalama wa mtu mwingine ndani ya hesabu ya mwenye kujenga tangu siku ya kwanza.

Serikali yetu nayo inasema jambo la namna hiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inatupa uhuru wa kuabudu. Kifungu cha 42 cha Katiba hiyo hiyo kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya kujenga. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinazitaja nyumba za ibada waziwazi. Jirani wa kanisa si mpagani kwa kutumia sheria hizo. Na tusisahau ya wenzetu wa Rwanda: mwanzoni mwa 2018 zaidi ya makanisa 700 yalifungwa Kigali, na sababu zilizotolewa na serikali ni pamoja na majengo yasiyo salama, usafi na kelele. Mengi ya hayo ni mambo ambayo kamati ya ujenzi ingeweza kuyarekebisha kabla ya afisa kubisha mlango.

TULICHOFANYA, NA KILICHOBAKI

Jumapili iliyofuata nilisimama madhabahuni nikasoma Mathayo 5:23–24, juu ya kuiacha sadaka na kwenda kwanza kupatana. Niliungama mbele ya kanisa. Baada ya ibada nilienda na wazee wanne, nyumba kwa nyumba, zote tisa. Spika zilizotangaza yale maombi zilikuwa zimefika huko kabla yetu, kwa hivyo hakuna aliyehitaji kuelezwa tulichokuja kukiungama. Katika nyumba moja tulifungiwa mlango. Hatukubisha mara ya pili.

Fedha zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya geti la kifahari ndizo tulizotumia. Tulichimba mtaro kando ya kabro, na mwisho wake shimo lililojazwa mawe ili maji yanywewe na ardhi. Tuling'oa kabro mita mbili kutoka ukutani. Tulinunua magodoro na vitabu vya shule kwa nyumba zilizoingia maji, na tukamlipa yule mama gunia moja la mahindi.

Kwa miti, kamati ilitaka mikaratusi kwa sababu inakua haraka. Majirani wakatukumbusha kwamba kuna kisima karibu. Mkaratusi hunywa maji mengi. Ndiyo maana mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza ing'olewe kando ya mito na chemchemi. Tukapanda lusiola na grevilea, na chini yake ua wa mimea. Miche sasa imefika kiunoni. Macho ya watu bado yanafika kwenye bafu, kwa hiyo kwa muda tumeweka mabati pale. Mti wa miaka ishirini hauwezi kurudishwa kwa toba ya siku moja.

Kwa taa, nilidhani jibu ni kuzima zote. Lakini mama mmoja anayeuza mboga barabarani, ambaye pia alikuwa ameweka sahihi, alituomba tusizime zote kwa sababu anarudi nyumbani saa tatu na njia ile ni mbaya. Hapo tukaelewa kwamba hawakuwa wanauchukia mwanga. Tulishusha nguzo, tukaweka taa za rangi ya joto zenye kofia zinazomulika chini, na zinazimwa saa nne usiku. Taa moja ya njiani inabaki. Nyingine moja huwaka mtu akipita tu. Bili ya stima imepungua pia, mweka hazina anafurahi.

Sitawaficha: Desemba tuliibiwa betri nyingine. Kuna washiriki waliosema, "Si tuliwaambia!" Tulijibu kwa kuongeza mlinzi wa pili siku za kesha. Inatugharimu, na tunalipa.

Yule kukhu alipona. Hajaokoka, wala hajaja kanisani. Nawaomba msimuulize atakuja lini. Hatukugeuza taa ili tupate mshiriki. Tuligeuza kwa sababu tulikuwa tumekosa. Na yule mzee aliyetufungia mlango bado akiniona anavuka barabara. Namsalimu hata hivyo. Warumi 12:18 inaniambia nikae na watu wote kwa amani kwa upande wangu, kadiri ninavyoweza. Upande wake ni wake.

KWA NDUGU ZETU WA BUNGOMA

Kabla hamjachimba msingi, fanyeni haya:

Tembeleeni kila nyumba inayopakana na ploti yenu mkiwa na ramani mkononi, kabla fundi hajaanza. Ulizeni, msitangaze.

Simameni kwenye ploti hiyo usiku, na wakati wa mvua kubwa. Mtaona mwanga utaenda wapi na maji yataenda wapi.

Kabla ya kukata mti, ulizeni unamkinga nani.

Kwenye bajeti, mtaro, miti na kofia za taa viandikwe juu ya geti na maua.

Chagueni mzee mmoja wa kupokea malalamiko, na namba yake ijulikane mtaani. Malalamiko yakifika, kwanza mwende mkaangalie. Maombi yafuate, nayo yawe ya kuwabariki.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika Nehemia 4 na 5 kuna kelele za aina mbili. Zinatofautianaje? Je, umewahi kumwita mtu Sanbalati kumbe alikuwa anasema kweli?
2. Yezebeli alitumia mfungo kumuumiza jirani. Sisi tunaweza kutumiaje mambo ya kiroho kukwepa kosa la kawaida?
3. Nyumbani kwako, ni kitu gani chako kinachovuka ukuta na kuingia kwa jirani: maji, moshi, redio, kuku, taa? Wiki hii utafanya nini?
4. Kwa nini ilikuwa muhimu kwa kukhu kwamba anayemfundisha mjukuu wake ndiye aliyeomba kinyume chake?

MAOMBI

Tumwombe Mungu atupe masikio kabla ya mdomo. Tuzitaje familia tisa zinazopakana nasi, kila moja kwa heri: afya, chakula, karo, na usingizi. Tuwaombee ndugu wa Bungoma wajenge bila kumliza mtu. Na tuombe hivi tukiwa tumezima spika za nje.

Mungu awabariki.